Mguu, Kiti na Usukani: Namna ya Kumpatanisha Mwendeshaji Mrefu na Baiskeli Yake

Katika enzi ya baiskeli za gurudumu kubwa, zilizotamba Ulaya katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, suala la urefu wa mwendeshaji lilijitatua lenyewe, kwa kuwa pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, na ukubwa wa gurudumu hilo ulichaguliwa kwa kufuata urefu wa mguu wa mnunuzi. Mwenye miguu mirefu alipewa gurudumu kubwa, ambalo kwa baadhi ya watu lilikaribia kipenyo cha mita moja na nusu, naye kwa kila mzunguko mmoja wa pedali alikwenda mbali zaidi ya mwenzake mfupi. Mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alipotoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, uhusiano huo wa mguu na gurudumu ulikatika. Fremu moja sasa iliweza kumbeba mfupi na mrefu mradi kiti kipandishwe au kishushwe, na viwanda vikapata sababu ya kupunguza idadi ya vipimo vinavyotengenezwa. Tangu hapo mwendeshaji mrefu amekuwa akiifuata baiskeli ilivyo, badala ya baiskeli kumfuata yeye alivyo.

Afrika Mashariki iliipokea baiskeli ikiwa tayari katika hali hiyo. Baiskeli nyeusi ya chuma, ambayo nchini Kenya hujulikana kwa jina la Black Mamba, na ambayo kwa miongo mingi imeingia sokoni kwa majina ya Raleigh ya Nottingham, Phoenix ya Shanghai, na Hero na Avon za Ludhiana nchini India, ina magurudumu ya inchi 28, breki zinazovutwa kwa fito za chuma badala ya waya, na fremu ambayo kwa kawaida hupatikana katika vipimo viwili tu, yaani inchi 22 na inchi 24. Kipimo hicho cha inchi husoma urefu wa bomba la kiti, ambalo ni lile bomba la fremu linalosimama kutoka ekseli ya kati, mahali pedali zinapozungukia, hadi pale nguzo ya kiti inapoingizwa. Inchi 22 ni karibu sentimita 56, na inchi 24 ni sentimita 61. Tofauti kati ya ndogo na kubwa ni kama sentimita 5 tu, ilhali miguu ya watu wazima wa kijiji kimoja hutofautiana kwa zaidi ya hapo mara tatu au nne. Pengo hilo ndilo linaloachiwa nguzo ya kiti, shingo ya usukani, na spana ya fundi.

Jibu lililozoeleka ni kupandisha kiti, na jibu hilo ni sahihi kwa sehemu ndogo tu. Kiti kikipanda hurudi pia nyuma, usukani ambao haukuguswa huwa umeshuka ukilinganishwa nacho, uzito wa mwili huhamia kwenye viganja, na breki, mzigo na abiria aliyepakiwa nyuma wote hubadilishiwa mahali pao. Mwendeshaji mrefu anayelalamika mgongo baada ya kupandishiwa kiti hajakosea kupandisha. Amefanya hatua ya kwanza ya kazi yenye hatua kadhaa, akaishia hapo.

Kosa linalotangulia mengine yote ni kuanza na kimo. Kimo ni jumla ya mguu, kiwiliwili, shingo na kichwa, na baiskeli haijali kichwa. Wataalamu wa maumbile ya binadamu wameonyesha kwa muda mrefu kwamba uwiano wa mguu na kiwiliwili hutofautiana baina ya watu na watu, na kwamba jamii nyingi za Kiafrika, hasa zile za bonde la Naili na nyanda kame, kama Wadinka na Waturkana, huwa na miguu mirefu zaidi kwa kulinganisha na kiwiliwili kuliko Wazungu wa kimo hichohicho. Majedwali ya viwanda yanayomwambia mnunuzi wa sentimita 190 achukue fremu fulani yamejengwa juu ya mwili wa wastani ambao huenda si wake. Wanaume wawili wa kimo hicho, mmoja mwenye mguu wa sentimita 88 na mwingine wa sentimita 95, wanahitaji viti vinavyopishana kwa zaidi ya sentimita 6, na yule mwenye mguu mrefu ndiye mwenye kiwiliwili kifupi, kwa hiyo anahitaji kiti cha juu zaidi na usukani wa karibu zaidi kwa wakati mmoja. Mchanganyiko huo ndio mgumu kuupata katika fremu za kununua, kwa sababu fremu ikirefushwa kwenda juu kiwandani hurefushwa pia kwenda mbele.

Mguu unaozungumziwa hapa ni ule wa ndani, kuanzia msamba hadi chini ya unyayo. Hupimwa mtu akiwa amesimama peku, mgongo ukiegemea ukuta, miguu ikiachana kidogo, huku kitabu chenye jalada gumu kikiwa kimebanwa katikati ya mapaja na kusukumwa juu mpaka kikabe kama kiti kinavyokaba. Mwenzake huweka alama ya kalamu ukutani kwenye ukingo wa juu wa kitabu, kisha umbali kutoka sakafuni hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani. Suruali isipimwe badala ya mguu, kwani pindo la suruali halifiki unyayoni na msamba wake huning'inia chini ya msamba wa mtu.

Baada ya kupata kipimo hicho, kanuni mbili zimekuwa zikitumika. Ya kwanza ilitokana na utafiti wa Waingereza Hamley na Thomas, uliochapishwa mwaka 1967, nao husema kwamba umbali kutoka ekseli ya pedali, pedali ikiwa mbali kabisa na kiti, hadi juu ya kiti uwe asilimia 109 ya mguu wa ndani. Ya pili inahusishwa na kocha Mfaransa Cyrille Guimard na ilienezwa katika miaka ya 1980 na Greg LeMond, Mmarekani wa kwanza kushinda mashindano ya Tour de France, mwaka 1986. Kanuni hiyo huzidisha mguu wa ndani kwa 0.883 ili kupata umbali kutoka katikati ya ekseli ya kati, wala si kutoka kwenye pedali, hadi juu ya kiti. Kati ya vituo hivyo viwili vya kupimia upo mkono wa pedali, ambao mafundi wengi huuita krenki, na ambao katika baiskeli nyingi una urefu wa sentimita 17.

Kwa mtu wa mguu wa sentimita 82, kanuni hizo mbili hukubaliana kabisa: ya LeMond hutoa sentimita 72.4, na ya Waingereza, baada ya kuondoa sentimita 17 za krenki, hutoa vilevile 72.4. Kwa mtu wa mguu wa sentimita 95 zinaachana, kwani ya Waingereza hutoa 86.6 na ya LeMond 83.9, tofauti ya karibu sentimita 2.7, ambayo mguuni huhisiwa kama mtu aliyevaa kiatu kirefu mguu mmoja. Sababu ya kuachana huko haiko katika hesabu. Mguu umerefuka lakini krenki imebaki ileile, na ili kanuni hizo zikubaliane tena kwa mtu huyo, krenki ingepaswa kuwa na urefu wa karibu sentimita 19.7. Kwa maneno mengine, kanuni zote mbili zilizaliwa kwa watu wa miguu ya kawaida, na kadiri mtu anavyowapita watu hao ndivyo kanuni zinavyopaswa kuchukuliwa kama mwanzo wa majaribio.

Wapo wanaoshauri kwamba krenki nayo irefushwe kwa kadiri ya mguu. Lennard Zinn, mtengenezaji wa fremu wa jimbo la Colorado, Marekani, ambaye mwenyewe ni mtu mrefu sana, ameutetea msimamo huo kwa miaka mingi. Upande mwingine, utafiti wa Martin na Spirduso wa mwaka 2001, uliojaribu krenki za kuanzia sentimita 12 hadi 22, uligundua kwamba nguvu ya juu kabisa ya mwendeshaji hupungua kwa dhahiri kwenye ncha hizo mbili tu, na kwamba katikati tofauti ni ndogo. Utafiti huo ulipima nguvu za muda mfupi, haukupima starehe ya safari ya saa tatu, kwa hiyo haumnyang'anyi Zinn hoja yake yote. Lakini kwa mwendeshaji wa baiskeli nyeusi unatosha kumwondolea wasiwasi, kwa sababu krenki ndefu ni adimu madukani, na hata ikipatikana, ekseli ya kati haijainuliwa, hivyo pedali itakwangua mawe na kingo za barabara kwenye kona. Ni busara zaidi kuiacha krenki na kushughulika na kiti.

Kiti basi kiwekwe kwanza kwenye kipimo kidogo, yaani kile cha 0.883, kisha kipandishwe kwa nusu sentimita kila baada ya siku chache za kuendesha, mpaka goti, pedali ikiwa chini kabisa, libaki limekunjika kidogo tu. Wataalamu hulenga mkunjo wa nyuzi 25 hadi 35 kutoka mguu ulionyooka kabisa. Asiye na chombo cha kupimia nyuzi anaweza kukaa kitini, kuegemea ukuta, na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini: mguu ukinyooka bila nyonga kuinama upande huo, basi atakaposogeza mguu na kukanyaga kwa sehemu pana ya unyayo, ile iliyo nyuma ya vidole, mkunjo unaotakiwa utakuwa umepatikana. Kuanza chini kuna sababu. Kiti kilichozidi kimo huyumbisha nyonga huku na huku kama ngalawa, huchubua mapaja, na huvuta mishipa ya nyuma ya goti. Na mwili uliokwisha kuzoea kiti cha chini kwa miaka haupokei sentimita 8 kwa siku moja bila kuumia.

Kipimo cha peku hakimfai anayeendesha na katambuga. Soli ya viatu hivyo vya tairi inaweza kuwa nene kwa sentimita 2 au zaidi, na unene huo humrefusha mguu mbele ya pedali, hivyo kiti kilichowekwa kwa kandambili kitakuwa chini kwa mvaa katambuga. Vivyo hivyo mwenye kukanyaga pedali kwa katikati ya unyayo, kama wafanyavyo wengi wanaobeba mizigo mizito, huufupisha mguu wake, naye atakiona kiti cha kanuni kuwa kirefu mno. Mabadiliko hayo yaonekane madogo au makubwa, ndiyo yanayoeleza kwa nini watu wawili wa mguu mmoja hawaelewani juu ya baiskeli moja.

Hapo ndipo chuma kinapoanza kugoma. Mwenye mguu wa sentimita 95 anayetumia fremu ya inchi 22 anahitaji juu ya kiti kiwe sentimita 28 kutoka ukingo wa fremu. Kiti cha ngozi chenye springi huchukua sentimita 9 hivi, kwa hiyo nguzo inapaswa kuchomoza sentimita 19, na kubaki ndani angalau sentimita 7, au vizuri zaidi mpaka ncha yake ipite chini ya kiungo ambapo bomba la juu la fremu limeungana na bomba la kiti. Nguzo fupi inayokuja na baiskeli haitoshi. Baadhi ya nguzo zina mstari uliochongwa kuonyesha mwisho wa kuchomoa. Nyingine hazina, na mtu huchomoa mpaka kiti kitoshe, akiacha vidole viwili tu vya chuma ndani ya fremu. Matokeo yake huonekana kwenye mabanda ya mafundi: nguzo iliyopinda nyuma, au mbaya zaidi, mdomo wa bomba la kiti uliopasuka kwenye kiungo, ambao ukichomelewa huwa dhaifu kuliko mwanzo. Fundi mwangalifu hutafuta nguzo ndefu yenye kipenyo kilekile. Ikikosekana na ikapatikana nyembamba kidogo, huizungushia kipande cha bati la kopo kilichokatwa kwa mkasi, kikazunguka mara moja bila ncha zake kupandana, kisha hukaza nati. Bomba la maji lililokatwa kwa msumeno lisitumike kwa mtu mzito, kwa kuwa halikutengenezwa kwa kupokea mapigo ya kutoka juu huku likiwa limeinama.

Nguzo ya baiskeli nyeusi imelala kwa nyuma zaidi ya ile ya baiskeli za mashindano. Bomba lake la kiti huwa na pembe isiyofika nyuzi 70 kutoka ardhini, ilhali la mashindano huzunguka nyuzi 73. Kwa hiyo kiti kikipandishwa sentimita 10, katika baiskeli nyeusi hurudi nyuma karibu sentimita 4, na katika ile ya mashindano karibu 3. Kwa mtu mwenye mikono mirefu na kiwiliwili kirefu, hiyo ni zawadi, kwani nafasi kati yake na usukani ilikuwa finyu. Kwa yule mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi ni hasara, na atajikuta akiteleza kwenda kukalia ncha ya mbele ya kiti bila kujua sababu. Kibano kinachoshika kiti juu ya nguzo, katika viti vya mtindo wa zamani, kinaweza kugeuzwa ili kiti kikae mbele ya nguzo badala ya nyuma yake, na hatua hiyo, isiyogharimu chochote, hurudisha sentimita kadhaa zilizopotea. Kiti chenyewe kilale sawa kama meza. Kikiinamishwa mbele, mwili huteleza na viganja hugeuka breki ya mwili mzima. Kikiinuliwa mbele, msamba hufa ganzi.

Usukani ndio unaosahauliwa. Mwendeshaji mrefu kwenye kiti cha chini hugonga magoti kwenye mishiko anapokata kona, naye hujizoeza kuendesha huku magoti yameachama kama ya mtu aliyechuchumaa, mkao ambao huyapinda magoti upande kwa kila mzunguko. Kiti kikipandishwa, tatizo hilo huisha na jingine huanza: usukani uliokuwa juu ya kiti sasa uko sawa nacho au chini yake. Mwanamashindano huutaka mkao huo, kwa kuwa hupunguza upepo. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne, ana kimo cha sentimita 186, na picha zake za mashindano huonyesha kiti kilicho juu kabisa ya usukani. Lakini huo ni mwili uliofundishwa kwa miaka, unaokaa hivyo kwa ajili ya kushinda, kisha unashuka na kusingwa. Anayepeleka maziwa mjini kila alfajiri anahitaji mishiko iliyo sawa na kiti au juu yake kidogo, viwiko vikikunjika, na kidole chake kidogo kisife ganzi. Ganzi hiyo hutokana na neva inayopita kiganjani upande wa kidole hicho, ambayo hukandamizwa mwili unapoegemea mikono.

Kuupandisha usukani wa baiskeli nyeusi ni kazi ya robo saa kwa anayeujua. Shingo yake imeshuka ndani ya bomba la mbele na kushikwa na kabari inayovutwa na boliti ndefu. Boliti hulegezwa mizunguko kadhaa, kisha hugongwa kwa nyundo juu ya kipande cha ubao mpaka kabari iachie, na shingo hupanda. Kikomo ni kilekile cha nguzo ya kiti: isibaki ndani kwa chini ya sentimita 6 au 7, kwa sababu shingo ikikatika mwendeshaji hana cha kushika. Jambo ambalo asiye fundi hulisahau ni fito za breki. Breki hizo hubana rimu kwa kuvutwa juu, na usukani unapopanda huzivuta fito pamoja nao, hivyo breki hujikaza zenyewe na gurudumu hukataa kuzunguka. Sharti nati zinazobana fito zilegezwe kwanza, na baada ya usukani kukazwa, fito zirekebishwe ili raba za breki ziwe karibu na rimu bila kuigusa. Asiyefanya hivyo na akalazimisha, hupinda fito, na breki iliyopinda fito haiaminiki tena kwenye mteremko.

Baiskeli za mtumba na zile za gia zenye fremu iliyoinama huonekana kuwa suluhisho kwa warefu, kwa sababu nguzo zake ni ndefu na hupanda bila shida. Lakini nyingi zimetengenezwa kwa watu wa kimo cha wastani, zina magurudumu ya inchi 26, na kiti kikipanda juu yake mwili wote hukaa juu ya gurudumu la nyuma huku usukani ukiwa mfupi na karibu na magoti. Kwenye mlima gurudumu la mbele hutaka kuinuka. Kwenye mteremko, breki ya mbele ikibanwa ghafla, mtu aliye juu sana hurushwa mbele kwa urahisi zaidi.

Mzigo na abiria huongeza kifungu chao. Mwendeshaji wa bodaboda ya baiskeli, kazi iliyoanzia mpakani Busia kabla ya pikipiki kulichukua jina hilo, hukaa sentimita chache mbele ya mto wa abiria uliofungwa kwenye karia. Kiti kikirudi nyuma, ncha yake humchoma abiria, na kikipanda, mwendeshaji hawezi tena kuweka unyayo chini anaposimama kumpakia mtu. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya warefu wengi waendelee na kiti cha chini mpaka magoti yachakae, ingawa mrefu ana nafuu ambayo mfupi hana: anaweza kuteleza mbele ya kiti na kusimama chini kwa miguu yote miwili, bomba la juu la fremu likiwa katikati yake, bila msamba kuligusa. Anayebeba madumu ya maji yaliyoning'inizwa pande mbili za karia ana tatizo jingine, la kisigino kugonga dumu kwa kila mzunguko, na dawa yake ni kusogeza madumu nyuma, kwani kusogeza mguu mbele ya pedali huharibu yote yaliyopimwa.

Mwili wenyewe hutoa taarifa kwa lugha inayosomeka. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi humaanisha kiti kiko chini au kimekwenda mbele mno. Ya nyuma ya goti humaanisha kimezidi kupanda. Shingo na mabega huulaumu usukani ulio mbali au chini. Na kidonda cha upande mmoja wa paja huonyesha nyonga inayoyumba. Lakini kila dalili ishughulikiwe peke yake, kwa badiliko moja na siku kadhaa za kulijaribu, kwa sababu mabadiliko mawili ya pamoja hufichana.

Katika nyumba nyingi baiskeli si ya mtu mmoja. Baba huenda nayo shambani asubuhi, kijana mrefu huichukua mchana, mdogo wake huipeleka kisimani jioni, na kiti hupanda na kushuka mara tatu kwa siku kwa kukisia. Fundi anayejali, akishamaliza kumpima kila mmoja, huchukua tupa na kuchonga mikwaruzo mifupi juu ya nguzo ya kiti, mmoja kwa kila mtu, mwepesi kiasi cha kutodhoofisha chuma; na kwa kiti cha ngozi, ambacho hulegea na kushuka kwa miezi ya matumizi, humwambia mrefu arudi baada ya mvua za masika ili mkwaruzo wake uchongwe upya, chini kidogo ya ule wa kwanza.